Kupanga safari ya boti kuwatazama popo machweo: tuanze na safari ya kurudi

Omo na Tezi (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Watu wengi wanauliza kuhusu safari za boti za jioni kwenda kuwatazama popo wakitoka malaloni, na karibu kila swali ni lile lile: tufike saa ngapi? Hilo ni jepesi, nitalijibu hapa chini. Ila nimeshafanya safari hizi za kutosha, nyingine nimezipanga mwenyewe, nyingine nimepangiwa, na kila iliyoharibika iliharibikia njiani kurudi. Kwa hiyo nawaomba tugeuze mpangilio. Kabla hujajua mtakaa wapi kuwaona popo, ujue kwanza mtatokaje pale gizani.

Nianze na safari iliyonifundisha. Tulikuwa watu tisa ndani ya boti ya mashine moja, tumeingia hori la mikoko, yaani mkono mwembamba wa bahari, kwenye kisiwa kidogo. Aliyetuandalia safari alikuwa ameangalia saa ya machweo tu, basi. Tulipofika maji yalikuwa bado mengi, matawi ya chini ya mikoko yamelala juu ya maji, kila mtu na furaha yake. Popo wakaanza kutoka mmoja mmoja, kisha makumi, kisha anga lote likawa linapita. Nusu saa nzima hakuna aliyetazama chini. Giza lilipoingia nahodha akachovya kasia kupima kina, likarudi na tope jeusi. Maji yalikuwa yanapwa tangu tulipotia nanga. Tukapwelewa. Boti ikalalia ubavu, mbu wakatushukia, na mtoto wa miaka minne akalia mpaka usingizi ukamchukua. Tulikaa pale zaidi ya saa 6 tukisubiri maji yaturudie. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini tangu siku ile sikanyagi boti ya jioni kabla sijajua maji yatakuwaje jua likishazama na watu wakishachoka.

Kwa wasio watu wa pwani nieleze. Sehemu nyingi maji hujaa kwa takriban saa 6 na dakika 12, yakapwa kwa muda kama huo, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Zidisha kwa siku saba uone. Rafiki yako akikwambia "wiki iliyopita tulikwenda jioni, maji yalikuwa tele", ujue wiki hii, jioni kama ile, maji yako karibu chini kabisa. Halafu hayashuki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kujaa hushuka polepole, unaweza kudhani yamesimama. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia, na hapo ndipo watu wanaponaswa, kwa sababu waliyaangalia mara moja yakiwa yametulia wakaridhika.

Tena kuna bamvua na maji mafu. Bamvua linakuja mwezi ukiwa mpevu na mwezi ukiandama: maji hujaa sana na kupwa sana, na mkondo unakuwa na nguvu. Maji mafu ni katikati ya hapo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika sehemu moja bamvua hujaa karibu saa ile ile kila mara. Kwa hiyo ukifika mahali usipopajua, mwulize mvuvi swali hili moja: "Bamvua la hapa hujaa saa ngapi?" Jibu lake linakupa picha ya mwezi mzima.

Ninayoipenda mimi ni siku ya tatu au ya nne kabla ya mwezi mpevu. Jua linapozama siku hizo, mwezi tayari uko juu, kwa hiyo mnarudi na mwanga, na maji hayajafikia ukali wa bamvua lenyewe. Ukingoja mwezi mpevu, unachomoza karibu na machweo na bado uko chini. Ukipitisha siku tatu baada ya mpevu, unaondoka malaloni kwenye giza totoro huku mwezi haujachomoza. Nikishapata siku hizo, natazama ratiba ya maji: nataka yawe bado yanajaa, au ndiyo kwanza yamejaa, wakati jua linazama. Nisipopata, nasogeza safari. Wageni wananuna, najua. Popo watatoka na wiki ijayo.

Sasa saa ya kufika. Karibu na ikweta, kutoka jua kuzama mpaka giza kushika ni kama nusu saa hivi, na kadiri unavyokwenda mbali na ikweta muda huo unarefuka. Popo walao matunda, wale wakubwa wenye uso kama wa mbwa, kwa kawaida huanza kutoka jua likishazama na hujazana angani utusitusi ukiwa bado una rangi. Mimi nataka boti iwe imetia nanga na mashine imezimwa dakika 45 kabla ya machweo. Watu huona ni mapema mno. Lakini dakika zile ndizo unazowaona vizuri: wananing'inia kama majani makavu, mara mmoja anafungua bawa na kujipepea, mara wawili wanagombea tawi, mara mama anamfunika mtoto wake kifuani. Mkifika wakati wanatoka mmekosa nusu ya safari, na kelele ya mashine yenu inawatoa kabla ya wakati wao.

Hapo kwenye umbali nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Aina nyingi za popo walao matunda huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, na mtoto mchanga hubebwa na mama yake. Ukiwashtua mchana wakaruka wote kwa pamoja, watoto wanaanguka majini au matopeni, na mama hawezi kumwokota. Mimi sisogei chini ya mita 100, na hata hapo natazama dalili. Wakiinua vichwa wengi kwa mpigo, wakaanza kukunjua mabawa nusu na makelele yakapanda, ujue umekaribia mno. Rudi nyuma kwa kasia, usiwashe mashine. Kuna watu wa boti wanaopiga makofi au kupiga kasia ubavuni ili popo waruke na wageni wapate picha. Nahodha wa namna hiyo msimpande tena, na mwambieni sababu usoni kwa heshima.

Kingine: hakikisha wapo. Popo walao matunda hufuata msimu wa matunda na maua. Mfano mkubwa ni Kasanka kule Zambia, ambako popo wapatao milioni 10 hukusanyika kati ya Oktoba na Disemba, halafu wanatawanyika. Ukienda Juni utatazama miti mitupu. Visiwani ni hivyo hivyo kwa kipimo kidogo, kundi linaweza kuhama mkoko mmoja likaenda mwingine. Ndiyo maana jioni moja kabla ya safari naenda mwenyewe, peke yangu na nahodha, kupeleleza. Naangalia wanatokea upande gani na wanaelekea wapi, ili kesho yake boti isikae chini ya njia yao. Sababu ya kutokaa chini yao mtaielewa mkishaipata kichwani. Vaeni kofia, na mnapotazama juu fungeni midomo.

Mafuta gawa mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la kutoguswa. Na mwachie mtu wa nchi kavu jina la hori na saa ya kurudi, mkubaliane kabisa atampigia nani mkichelewa.

Neno la mwisho kutoka kwangu: mteueni mtu mmoja ambaye kazi yake si kutazama popo. Yeye atazame maji. Mnaweza kupokezana.

Waliokwenda sehemu nyingine karibuni mnikosoe na mniongezee.

Mama Watatu

Kaka Omo na Tezi, asante kwa uzi, nimeusoma mara mbili. Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 12, wa kati 9, mdogo 6. Wamekuwa wakiniomba safari hii tangu walipofundishwa shuleni kwamba popo ni mnyama anayenyonyesha. Ninachoogopa ni maradhi. Kila nikitaja popo nyumbani naambiwa Ebola, Marburg, kichaa cha mbwa. Je, kuwatazama kutoka kwenye boti kuna hatari gani? Na huyu mwanangu mdogo wa miaka 6 nimwache?

Omo na Tezi (mleta uzi)

Dada, hofu yako ina msingi, na ni vizuri umeuliza kabla.

Hatari iko kwenye kugusa na kwenye kuingia mapangoni. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa Marburg baada ya kuingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Lile lilikuwa pango, watu wako ndani, hewa imefungwa, kinyesi kila mahali, popo wanapita karibu na uso. Kukaa majini, hewa wazi, mita 100 kutoka mitini, ni jambo jingine kabisa.

Watoto wako wape sheria moja: popo aliye chini, au anayeelea majini, haguswi, hata akiwa mtoto na anatia huruma. Popo mzima hakubali kushikwa, ukiona anashikika ujue ana tatizo. Ikitokea mtu ameng'atwa au amekwaruzwa, oshea jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama ni alama ndogo kama ya sindano. Kusubiri dalili ndiko kunakoua, maana dalili zikianza karibu hakuna anayepona. Kinyesi kikiwadondokea, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa mdomo au macho.

Kuhusu mdogo, umri si kizuizi kama kuna jaketi okozi la kipimo chake lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto akianguka majini. Mvalishe gatini kabla hajakanyaga boti. Jaketi lililowekwa chini ya benchi ni sawa na kutokuwa nalo.

Nahodha Mzee

Vijana, nimesoma. Nimekaa baharini miaka mingi na nimepeleka wageni wa popo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mleta uzi amesema vizuri juu ya maji, lakini kuna mambo matatu ameyaruka.

La kwanza ni watu kusimama. Popo wa kwanza wakitoka, wote mnainuka na kukimbilia ubavu mmoja. Nimeona boti ya watu kumi ikilala mpaka maji yakaingia kwa juu, na hapakuwa na wimbi hata moja. Mimi nawaambia wageni wangu kabla ya kung'oa nanga: anayetaka kuona atazame akiwa amekaa, anga ni kubwa, halizibwi na kichwa cha mwenzako.

La pili, nanga. Boti ndogo hutiwa nanga kwa omo, yaani mbele, si kwa tezi, yaani nyuma. Ukifunga kamba nyuma, mkondo ukikaza, mashine na uzito wa watu vinavuta tezi chini, maji yanaingia na mnazama mkiwa mmefungwa. Kwenye tope tia kamba ndefu. Penye matumbawe usitie kabisa, tafuta mchanga au mshike boti kwa makasia.

La tatu, taa. Mnarudi usiku, na usiku mko na wenzenu majini. Nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Mkiona chombo kinawaonyesha nyekundu na kijani kwa pamoja, kinawajia uso kwa uso, pindeni kulia mapema. Na mtu asimulike tochi mbele ya nahodha. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mmoja wa simu unayarudisha mwanzo. Wageni wanataka kuangalia picha zao njiani. Waziangalie nyumbani.

Omo na Tezi (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Nimepokea yote matatu. La kusimama nimeliona kwa macho yangu na bado nikasahau kuliandika, inanisikitisha, maana ndilo linaloweza kumaliza watu wengi kwa mara moja.

Jicho la Jioni

Mimi ni mtu wa picha. Nilitumia safari mbili kupiga picha mbaya mpaka nikaelewa jambo moja: popo wa machweo humpigi picha yeye, unapiga umbo lake. Mwanga wa kuonyesha manyoya haupo. Kwa hiyo kaeni upande ambao popo watapita kati yenu na magharibi. Anga la machungwa liwe nyuma yao, nao watatokea weusi, mifupa ya vidole inaonekana ndani ya bawa kama vijiti vya mwavuli. Mkikaa upande wa pili mtapata madoa ya kijivu kwenye anga la kijivu.

Msibebe stendi ya kamera. Kwenye boti inachukua mtikisiko wote wa mashua, mikono ni bora. Kasi ya 1/500 ya sekunde inatosha kusimamisha bawa, na kwa simu washeni mkanda wa video tu, mtachagua picha baadaye.

Flashi naomba izimwe, na ndege zisizo na rubani ziachwe nyumbani. Flashi haiwafikii popo walio mbali, inawapofusha wenzako. Ile ndege ndogo ikifika juu ya malalo, kundi zima linaweza kulipuka kabla ya wakati, nimeshuhudia, na sijapata picha hata moja ya maana kutokana na fujo ile.

Usiku Mwema

Mleta uzi, nakubaliana na mengi ila hapo kwenye mwezi napingana na wewe. Baadhi ya popo huogopa mwanga wa mwezi, wanachelewa kutoka au wanapunguza kuruka kwa sababu ya bundi na mwewe. Sisi tulikwenda mwezi ukiwa mkubwa, tukangoja mpaka tukakata tamaa. Kwangu bora giza.

Omo na Tezi (mleta uzi)

Mkuu, hoja yako ni ya kweli kwa aina fulani za popo, na sitaki kuipuuza. Lakini niliowaona mimi visiwani, wale wakubwa, wameondoka na mwezi ukiwa juu yao kama kawaida. Na hata kama wangechelewa dakika kadhaa, kati ya kuwaona dakika hizo mapema na kuiona miamba njiani kurudi, mimi nachagua miamba. Anayekwenda kwenye mto mpana usio na kupwa na kujaa, na nahodha anayeujua, anaweza kufuata ushauri wako bila wasiwasi.

Umegusa mwewe, na hapo nimefurahi. Kuna mwewe mweusi anayeishi kwa kula popo, yuko Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki. Mchana kutwa anakaa mtini ametulia, anawinda ule muda mfupi wa utusitusi, na popo mdogo anammeza huku akiruka, hatui. Mkikaa kimya mapema, tazameni miti mikubwa iliyo jirani na malalo. Mimi nimemwona mara moja tu, alipita chini juu ya maji kama kivuli, na popo wadogo wote wakabadili njia kwa pamoja.

Mto na Daraja

Naomba niongeze upande wa popo walao wadudu, maana uzi umekuwa wa wakubwa tu.

Hawa hutoka mapangoni, kwenye nyufa za miamba ya mtoni na chini ya madaraja. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni daraja la Congress Avenue huko Austin, Marekani. Lilipokarabatiwa mwaka 1980 liliachwa na nyufa nyembamba chini yake, popo wakazikuta zinawafaa, na sasa majira ya joto hukadiriwa kufika milioni 1.5. Watu huwatazama kutoka juu ya daraja, ukingoni, na kwenye boti majini. Wengi wanaokuja ni majike, wanazaa pale pale darajani.

Tofauti kwa mpangaji ni hii. Popo walao matunda wengi hutumia macho na pua, kwa hiyo unawasikia wakipiga kelele na unawaona. Walao wadudu hutoa sauti za juu mno kwa sikio letu na kusikiliza mwangwi wake. Boti inaweza kuzungukwa na mamia na wewe ukasikia kimya. Kuna kifaa kidogo cha mkononi kinachoshusha sauti hizo zikasikika, na mkikipata kimoja kwa boti nzima kinatosha. Kwanza ni mapigo ya taratibu, tak, tak, tak. Popo akimkaribia mdudu mapigo yanaharakishwa mpaka yanakuwa mkwaruzo mmoja, kisha kimya. Hapo amekamata, au amekosa. Mara ya kwanza kusikia hivyo nilivuta pumzi nikasahau kuitoa.

Na kwa mtoni, mwulizeni mwenyeji kuhusu viboko na mamba kabla ya kitu kingine chochote. Kiboko hutoka majini kwenda kula usiku, yaani saa ile ile mnayong'oa nanga, na njia yake ya kupandia ukingoni haizibwi na boti.

Mama Watatu

Kaka, swali jingine. Mume wangu anasema kwa nini tusumbuke hivi kwa ajili ya wadudu waharibifu wa maembe. Nimjibu nini?

Omo na Tezi (mleta uzi)

Dada, mwambie shemeji kwanza si wadudu. Halafu mwambie habari ya mbuyu. Maua yake hufunguka usiku, na popo walao matunda ni miongoni mwa wanaoyatembelea na kubeba chavua kutoka mbuyu hadi mbuyu. Mvule nao mbegu zake hubebwa na popo, anakula tunda hapa, anaziangusha mbali huko anakoruka. Kundi mnalolitazama likitoka machweo ndilo linalokwenda kupanda miti usiku huo. Ni kweli wanakula na maembe ya watu, mkulima ana haki ya kulalamika. Lakini kundi likiuawa halirudi haraka, kwa uzazi ule wa mtoto mmoja mmoja.

Mwambie pia habari ya popo wa Pemba, aina isiyopatikana popote pengine duniani. Mwaka 1996 aliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wenyeji wa kisiwa wakaingia kazini kuyalinda malalo, ikiwemo Kidike, wakakaribisha watu waje kutazama badala ya kuwinda, na mwaka 2008 akasogezwa daraja, bado yuko hatarini lakini si pale ukingoni. Ndiyo maana nakazana na habari ya mita 100. Mtazamaji mzuri ni sehemu ya ulinzi, mtazamaji mbaya ni mwindaji asiye na bunduki.

Nahodha Mzee

Na Chole huko Mafia wapo, popo wakubwa wa kisiwani, unafika kwa boti. Waliokwenda waseme.

Nikumbushe na upepo. Mkirudi upepo ukiwa unapingana na mkondo, mawimbi yanakuwa mafupi na yanasimama wima, hata kama upepo wenyewe si mkubwa. Mnapokwenda na upepo mgongoni bahari inaonekana laini, mnadanganyika. Geukeni nyuma mkiwa bado kwenye mwanga, mtazame mnakotoka. Kama hapapendezi, rudini papo hapo.

Mama Watatu

Wakuu, tumerudi, nimeona niwaletee habari kama mlivyonisaidia.

Jioni ya kwanza hatukwenda. Tulifika gatini, nahodha akatazama nje, akasema upepo na mkondo havielewani. Mdogo alilia sana. Nilimkumbuka Nahodha Mzee nikamshukuru yule nahodha wetu hapo hapo, maana angeweza kutupakia tu.

Jioni ya pili bahari ilikuwa shwari. Tulitia nanga mapema kabisa, kwa omo, mashine ikazimwa. Dakika za kwanza watoto walisema hawaoni kitu, wanaona majani makavu. Halafu jani moja likajikuna. Baada ya hapo hawakunyamaza, ikabidi niwashushe sauti. Mume wangu, yule wa maembe, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona popo akishuka majini. Alikuja chini kabisa, akaburuza kifua juu ya maji, mstari mweupe ukabaki nyuma yake, akapanda tena. Nahodha akatueleza kwamba ndivyo wanavyokunywa: wakitua wanalamba manyoya yaliyolowa. Akaja mwingine, na mwingine. Mume wangu aliniuliza kama uzi ulikuwa umesema hilo, nikamwambia hapana.

Kazi ya kutazama maji tulimpa wa kati, yule wa miaka 9. Nahodha alichomeka mti mrefu kwenye tope kando ya boti, akaukata alama mbili kwa kisu, akamwambia: ya kwanza ikitoka juu ya maji nambie, ya pili tusiwe hapa. Popo walipofunika anga sote tulikuwa vichwa juu, hata nahodha. Ndipo tukasikia sauti ya wa kati, "Alama ya kwanza imetoka."

Popo walikuwa bado wanapita. Mkubwa akaomba dakika tano, nahodha akasema hapana, akavuta nanga. Tulipopita mlango wa hori nilimulika nyuma kidogo kwa tochi yenye mwanga mwekundu. Alama ya pili ilikuwa imeshatoka.

Omo na Tezi (mleta uzi)

Dada, mpe mkono huyo wa kati kwa niaba yangu. Na habari ya kunywa naiongeza kwenye bandiko la kwanza usiku huu.